Tupeane uzoefu: mtoto wako alijifunzaje maneno ya hesabu kabla ya darasa la kwanza?

Mama wa Mikindani: Mwanangu wa miaka mitano anahesabu mpaka ishirini bila kukwama, lakini nikimwekea mafungu mawili ya dagaa na kumuuliza lipi ni dogo zaidi, ananitazama tu. Yanayomshinda ni maneno kama zaidi, pungufu, nusu, kabla na baada. Wenzangu mmefanyaje?

Mwalimu wa Awali, Newala: Hali hiyo naiona kila Januari. Watoto wanafika wakiwa wamekariri namba kama wimbo, ilhali hawajajua kwamba namba ya mwisho waliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Mpe korosho saba, azihesabu kwa kugusa moja moja, kisha muulize ziko ngapi. Akianza kuhesabu upya, bado hajafika. Tena mhesabie vitu vyenyewe, kwa sababu Kiswahili kinamtaka aseme watoto wawili, viti viwili, maembe mawili, lakini sita, saba na tisa hazibadiliki, na anayefundishwa orodha tupu huyumba hapo.

Mjukuu wa Nachingwea: Kweli kabisa, Mwalimu.

Shangazi, Tandahimba: Hilo neno nusu limenirudisha mbali. Ulikuwa msimu wa korosho, kaka yangu na mkewe wako shambani wanaokota, na mtoto mchanga amebaki na bibi yake ambaye macho yake yamepungua nguvu. Bibi akamwambia mjukuu wa miaka saba ampe mdogo wake dawa ya homa, nusu kijiko. Yule mtoto nusu aliijua ya dukani, anapotumwa sukari nusu na kurudi na mfuko uliojaa, kwa hiyo kwake nusu ilikuwa kipimo kikubwa, wala si sehemu ya kitu. Alichukua kijiko cha kulia wali, akakijaza, akampa, akakijaza tena. Nilipofika kuwasalimu nilikuta chupa iliyofunguliwa asubuhi imeshuka chini ya nusu, na mtoto anatapika, amelegea, hata kulia hawezi. Nilimpakata kwenye bodaboda mpaka zahanati, nikiwa nimeibeba na ile chupa, na wakamweka chini ya uangalizi hadi kulipokucha. Kaka yake, ambaye darasani anahesabu mpaka mia, alikuwa akilia na kurudia, "Nimempa nusu, shangazi, nimempa nusu."

Binti wa Masasi: Mungu wangu! Mtoto sasa anaendeleaje?

Shangazi, Tandahimba: Ni mzima, mwanangu. Yuko darasa la pili.

Baba wa Ruangwa: Pole sana, shangazi, lakini hapo tatizo si maneno. Dawa haipimwi na mtoto wa miaka saba hata akizijua sehemu zote.

Shangazi, Tandahimba: Hilo silipingi, ndugu yangu. Ninachosema ni kwamba neno ambalo mtoto hulitamka kila siku dukani lilikuwa halijafunguliwa kwake, na sisi wakubwa tulidhani analijua.

Mzee wa Masasi: Ndiyo maana nasema aanze na lugha ya nyumbani. Kwa Kiyao sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, kwa hiyo mtoto anaiona hesabu kwenye vidole vyake.

Mama wa Mikindani: Shikamoo, mzee. Shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili, nami naogopa kumchanganya.

Mzee wa Masasi: Marahaba. Hachanganyikiwi, mama. Kiswahili nacho kinasema kumi na moja, kumi na mbili. Ni njia ileile.

Baba wa Ruangwa: Mimi nashauri bao la kujifunza. Mashimo ni 32, kila shimo linaanza na kete mbili, jumla 64. Wangu walijifunza pale maneno ya kuongeza, kupungua na kubaki.

Binti wa Masasi: Kwa miaka mitano bao ni zito. Chapati inatosha: ikate mbele yake vipande viwili visivyolingana, umuulize kama kila kimoja ni nusu.

Mwalimu wa Awali, Newala: Naunga mkono chapati, na mwache abishe mwenyewe kwamba kimoja ni kikubwa kuliko kingine. Kabla na baada mfundishe jikoni: muulize tunatia nini kabla ya tui na nini baada yake, na akikosea usimsahihishe kwa maneno, rudieni kesho mkiwa na sufuria.