Laptop ya chuo na prosesa iliyokutesa: tupeane uzoefu

Mkazi wa Buzuruga: Wakuu, mdogo wangu anaanza chuo Malimbe, hapa Mwanza. Leo tumezunguka Makoroboi mpaka miguu inawaka moto, na kila muuzaji anasifia prosesa, ule ubongo wa laptop: "hii i7, chukua". Nimekumbuka yangu ya mwaka wa kwanza: Celeron N4020, mpya ya boksi, viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi), hifadhi GB 64. Windows ikijisasisha mara moja tu, imejaa. Nanyi mlipitia yapi?

Binti Nansio: Umenitonesha kidonda. Mama aliuza magunia manne ya dagaa, akanifungia hela kwenye kanga, nikapanda meli kuja Mwanza. Nikaonyeshwa stika ya i7, moyo ukatulia. Mwaka wa tatu, usiku wa kuamkia kukusanya utafiti, nimefungua SPSS, ile programu ya takwimu, na Word pamoja na kurasa za intaneti. Feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Nikaiinua kwa vitabu viwili, nikaipepea kwa daftari. Saa nane usiku ikazima. Nikiwasha, dakika tano, imezima. Sura ya nne yote sikuwa nimeihifadhi. Nililia mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka. Asubuhi fundi akaifungua: vumbi limeshikana kama sufi, dawa ya juu ya prosesa imekauka imekuwa unga. Akanisomea namba: i7-2620M. Ya mwaka 2011, viini 2 tu!

Sangara Mzee: Pole sana dada. Hata mimi stika iliniponza.

Mwana Igoma: Ndiyo maana nasema kila siku, acheni stika, someni namba. i5-8250U inaanza na 8, kizazi cha nane, viini 4. Chini ya hapo Windows 11 karibu zote inazikataa, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025.

Kaka Spana: Usipotoshe watu. i5-1135G7 kwa hesabu yako ni kizazi cha kwanza?

Mwana Igoma: Ikianza na 1 unasoma tarakimu mbili, cha 11. Hilo nani halijui?

Kaka Spana: Halijui huyo anayeenda dukani kesho! Sema yote.

Mama Kirumba: Mnagombana bure. Weka SSD, ile hifadhi ya kasi, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 8, hata i3 inamaliza digrii.

Sangara Mzee: Prosesa za AMD je, Ryzen 5 3500U jamani, viini 4, bei haiumi. Kwa nini hamuitaji?

Kaka Spana: Mama Kirumba, hizo laptop za Celeron nyingi RAM imechomelewa kwenye bodi. Utaongezea wapi?

Mkazi wa Buzuruga: Binti Nansio, mama ulimwambia?

Binti Nansio: Sikuweza. Angeona magunia yake yamepotea. Msimamizi aliniongezea siku tatu, nikaandika sura upya maktaba. Baadaye nikaweka SSD ya GB 256, fundi akapaka dawa mpya, nikamalizia chuo na hiyo hiyo. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, ondoka. Ikiwaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, prosesa utaisoma pale kwa jina lake kamili.

Mkazi wa Buzuruga: Kesho saa nne tunarudi Makoroboi. Nani yuko mjini atusindikize?

Kaka Spana: Mimi nipo. Waambie wasitoe hela kabla sijafika.