Kuhama Minnesota kwenda Texas: je, kodi peke yake ni sababu ya kutosha?

MamaPacha

Salamu kwenu nyote. Mimi na mume wangu tunaishi Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis, tangu mwaka 2013. Mimi ni muuguzi wa hospitali, yeye ni dereva wa lori la masafa marefu, na tumejaliwa pacha ambao sasa wako darasa la saba. Tulipokuwa tukijaza fomu za kodi mwaka huu, mume wangu aliitandaza karatasi ya jimbo mezani, akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa dola 4,760, akasema kwamba fedha hizo zingebaki mfukoni mwetu kila mwaka kama tungekuwa Texas, ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo hata senti moja. Tangu siku hiyo nyumba yetu haina mazungumzo mengine. Binamu zake walioko Houston nao hawakosi kupiga simu kila Jumapili kusifia ukubwa wa nyumba za huko.

Sikatai kwamba baridi imenichosha. Mwezi Januari 2019, kipimajoto kiliposhuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, nilitoka zamu ya usiku nikakuta mlango wa gari umeganda, nikasimama pale na funguo mkononi nikilia. Hata hivyo nasikia habari za vimbunga, za umeme kukatika wiki nzima, na za siasa ambazo hazifanani na za hapa tulipo, hasa kwa sisi wahamiaji. Mume wangu ni raia, mimi bado nina kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu.

Swali langu ni hili: waliokwisha kuhama, na hasa waliohama wakarudi, walipimaje mambo haya matatu, yaani kodi, hali ya hewa na siasa? Naomba hesabu halisi, kwa sababu sifa tumezisikia za kutosha.

Mkaazi wa Katy

Dada, pole na baridi. Mimi ni Mtanzania, naishi Katy, viunga vya magharibi vya Houston, na nilifika miezi miwili kabla ya kimbunga Harvey cha Agosti 2017, kwa hiyo mji ulinikaribisha kwa mvua iliyozidi milimita 1,000 katika siku chache. Nitakuachia wengine wazungumzie siasa. Mimi nitasema la kodi, maana ndilo lililonigharimu.

Ni kweli kabisa kwamba Texas haitozi kodi ya mapato, na mwaka 2019 wapiga kura waliitia marufuku ndani ya katiba ya jimbo. Lakini shule zinahitaji walimu, kaunti inahitaji masherifu, na mifereji ya mafuriko haijichimbi yenyewe, hivyo sehemu kubwa ya mzigo huo imetuliwa juu ya nyumba. Mwaka jana, hata baada ya msamaha wa dola 140,000 za thamani ya nyumba ambao sheria sasa humpa anayeishi katika nyumba yake mwenyewe kwa upande wa kodi ya shule, nililipa dola 6,340 kwa nyumba yenye thamani ya dola 320,000. Ndani ya kiasi hicho kuna kodi ambayo binamu zako hawajakutajia, nayo ni ile ya wilaya ya maji, ambayo huku sote tunaiita MUD. Mjenzi anapofungua mtaa mpya nje ya mipaka ya jiji, mabomba, mifereji na mitambo ya majitaka hujengwa kwa mkopo, na mkopo huo hulipwa na wenye nyumba kupitia kodi hiyo kwa miaka mingi. Ndiyo maana nyumba mpya zinaonekana nafuu.

Kuna mtego mwingine wa mwaka wa kwanza. Thamani ya nyumba hukadiriwa kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Yangu siku hiyo ilikuwa sakafu ya zege na mbao zilizosimama bila paa, kwa hiyo kodi ya mwaka ule ilikuwa ndogo, na benki, inayokusanya kodi hiyo pamoja na rejesho la mkopo wa nyumba, ikapanga malipo yangu ya kila mwezi kwa kufuata kodi hiyo ndogo. Mwaka uliofuata niliipokea barua nikiwa nimesimama penye sanduku la posta: malipo yanapanda kutoka dola 2,180 hadi dola 2,790 kwa mwezi, kwa sababu kodi sasa ni ya nyumba kamili na upungufu wa mwaka uliopita nao unadaiwa. Niliisoma mara tatu nikidhani ni ya jirani.

Halafu ongeza bima. Bima yangu ya nyumba ni dola 4,300 kwa mwaka. Hiyo hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko hununuliwa kando, nami nalipa dola 740, tena inayotolewa chini ya mpango wa serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo huwezi kusubiri mpaka kimbunga kionekane kwenye ramani ndipo uinunue. Kwa upepo na mvua ya mawe, mkataba wangu unanitaka nibebe mwenyewe asilimia 2 ya thamani ya nyumba kabla wao hawajatoa chochote, na asilimia 2 ya dola 320,000 ni dola 6,400. Chukua karatasi zako za Brooklyn Park, uziweke kando ya hizi zangu, ndipo uamue.

Mzee wa Hesabu

Mwanangu MamaPacha, nimejaza fomu za kodi za watu wetu kwa zaidi ya miaka 20, katika majimbo matatu, na aliyoyasema ndugu wa Katy ni sahihi. Majimbo tisa hayakati kodi ya mshahara: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Kila moja lina mahali linapochota. Alaska ina mafuta, Nevada ina wacheza kamari, Florida inawatoza watalii kupitia kodi ya mauzo, na Texas inakutoza wewe kupitia paa lako na kaunta ya duka, kwa kiwango kinachofika asilimia 8.25 katika miji mingi. Huko Minnesota nguo za watoto hazitozwi kodi ya mauzo. Texas zinatozwa, isipokuwa zile siku chache za msamaha kabla shule hazijafunguliwa.

Anayefaidika kweli na uhamisho wa namna hii ni mwenye kipato kikubwa, ambaye Minnesota humkata hadi asilimia 9.85 ya kile kinachozidi ngazi ya juu. Mtu huyo akihama anaokoa makumi ya maelfu, na kutokana na fedha hizo ananunua jenereta la nyumba nzima na bima nzuri, hata kimbunga kikija yeye anasoma gazeti. Muuguzi na dereva wa lori wako katika ngazi za asilimia 5.35 na 6.80. Kwa watu kama ninyi tofauti huwa ndogo, na mara nyingine hugeuka.

Nina jambo la kumwambia mumeo pia, kwa kuwa madereva huambiana mengi kwenye vituo vya malori. Sheria ya serikali kuu inasema kwamba dereva ambaye kazi yake ya kawaida inavuka majimbo hutozwa kodi ya mapato na jimbo anakoishi tu, hata akipita majimbo 40. Kutokana na hilo, wapo wanaokodi anwani Texas au South Dakota huku mke na watoto wakibaki kule kule. Minnesota haidanganyiki kwa anwani. Huangalia makazi yako ya kweli yako wapi, watoto wanasoma wapi, leseni ya udereva ni ya wapi, na siku zako unazimalizia wapi. Nimewahi kumsaidia kijana mmoja aliyedaiwa kodi ya miaka mitatu pamoja na riba kwa mtindo huo, na riba ndiyo iliyomuuma zaidi.

Kuhusu siasa, watu wengi hutangaza kwamba wanahama kwa sababu ya chama fulani, lakini nikikaa nao mezani nakuta wamefuata kazi, ndugu, au nyumba wanayoweza kuilipia. Siasa huja baadaye, nayo huja kwa uzito, maana viti vya Bunge la nchi hugawiwa majimbo kwa idadi ya watu, na wanaohama huvibeba. Baada ya sensa ya 2020, Texas iliongeza viti viwili na Florida kimoja, huku California na New York zikipoteza kimoja kimoja. New York ilikosa watu 89 tu kukinusuru kiti chake, na kiti cha mwisho kikaangukia Minnesota hiyo hiyo unayotaka kuikimbia.

Muuguzi wa Usiku

Naomba niwe upande wa pili, kwa sababu hesabu zote hizi zinasahau mwili wa mtu. Nilihama Saint Paul mwaka 2019, sasa niko Grand Prairie, kati ya Dallas na Fort Worth, na sijajutia. Kule, kuanzia Novemba nilikuwa naingia kazini gizani na kutoka gizani, na kufikia Februari nilikuwa situmii nguvu kwa lolote isipokuwa zamu na usingizi. Mama yangu alikuja kutoka Kisumu mara moja, akakaa ndani miezi mitatu akitazama theluji dirishani, akaapa kwamba harudi tena. Hapa amekuja mara tatu, na ana bustani yake ya sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Hata hivyo nisikufiche. Februari 2021 baridi niliyoikimbia ilinifuata. Gridi, yaani mtandao wa umeme, ya sehemu kubwa ya Texas imetengwa na gridi mbili kubwa za nchi, hivyo mitambo ya gesi na mingineyo ilipoganda haikuwezekana kuvuta umeme wa kutosha kutoka kwa majirani. Tulikaa siku nne bila umeme, bomba likapasuka juu ya jikoni, maji yakashuka kupitia taa. Jirani mmoja, mgeni kama sisi, alikuwa ameingiza jiko la mkaa sebuleni ili watoto wapate joto. Nilimtoa nje na jiko lake kwa kelele, nami najua kwa nini nilipiga kelele. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246 katika dhoruba ile. Minnesota ina baridi kali kuliko hiyo kila mwaka, lakini nyumba na mabomba yake yamejengwa yakiijua.

Kwa siasa, nitataja yale yanayokugusa wewe kama muuguzi. Texas imo katika mkataba wa majimbo unaoruhusu leseni moja ya uuguzi kutumika katika majimbo mengi, na Minnesota haimo, kwa hiyo ukiwa mkaazi wa Texas utapata uhuru wa kufanya kazi za mikataba kwingine. Kwa upande mwingine utaagana na nguvu ya chama cha wafanyakazi. Mwezi Septemba 2022 wauguzi wapatao 15,000 wa Minnesota waligoma siku tatu, jambo ambalo huku hata kulifikiria ni vigumu. Likizo ya ugonjwa na uzazi yenye malipo iliyoanza Minnesota Januari 2026 hutaikuta Texas. Kaka yangu, anayewahudumia wazee majumbani kwa saa chache, hana bima ya afya, kwa kuwa Texas ilikataa kupanua ile bima ya afya ya serikali iitwayo Medicaid kwa watu wazima wenye kipato kidogo. Na kama bado mnafikiria kuongeza mtoto, soma kwa makini jinsi sheria ya kukataza utoaji mimba iliyoanza kutumika 2022 inavyowafunga mikono madaktari mimba inapoharibika. Nimeyaona hayo nikiwa kazini na sitayaeleza hapa.

Mrejea

Yangu ni mafupi. Tulihamia Tampa, Florida, mwaka 2020, tukarudi Massachusetts mwaka 2024. Kodi haikuturudisha, wala joto. Kampuni ya bima ilikataa kuhuisha mkataba wetu baada ya kimbunga Ian cha 2022, ingawa nyumba yetu haikupoteza hata kigae kimoja, na bima iliyofuata ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Anayekukopesha nyumba hakubali ukae bila bima, kwa hiyo huna pa kujificha. Omba bei ya bima ya anwani kamili kabla ya kutoa dau lolote.

MamaPacha

Asanteni sana, na shikamoo Mzee wa Hesabu. Jana usiku nilifanya kama ndugu wa Katy alivyoelekeza. Kodi ya nyumba yetu hapa ni dola 3,410, na bima, ambayo nayo imepandishwa kwa sababu ya mvua ya mawe, ni dola 2,650, jumla dola 6,060. Zake ni dola 11,380. Tofauti ni dola 5,320, na tungeokoa dola 4,760, kwa hiyo tungeingia hasara ya dola 560 kabla sijanunua hata soksi. Mume wangu alikaa kimya kwa muda, akachungulia dirishani, akasema, “Lakini theluji je?”

Hapo sikuwa na jibu, maana aliyoyasema Muuguzi wa Usiku kuhusu giza la Novemba ni yangu kabisa. Tumekubaliana kwamba atachukua likizo akakae kwa binamu zake wiki tatu, mwezi Agosti na si Desemba, aone joto na unyevu wa Houston ukiwa kamili. Tukihama, tutapanga nyumba mwaka mmoja kwanza, ili tuuone msimu wa vimbunga tukiwa wapangaji. Suala la anwani ya kukodi nilipomsomea, alicheka kwa namna iliyonijulisha kwamba alikuwa amekwisha kulifikiria.

Swali moja limebaki kwa Mkaazi wa Katy: hiyo kodi ya wilaya ya maji hupungua kadiri mkopo unavyolipwa, na mnunuzi anawezaje kuijua mapema?

Mkaazi wa Katy

Mara nyingi hupungua, dada, nyumba zinapoongezeka na kugawana deni, ingawa mtaa ukiendelea kupanuka wilaya inaweza kukopa tena. Linganisha mitaa ya zamani na mipya, utaona tofauti. Ama kuijua mapema, sheria inamtaka muuzaji akupe tangazo la maandishi lenye kiwango cha kodi hiyo na deni la wilaya kabla hujafungwa na mkataba. Nami nilipewa. Liko kabatini hadi leo, lina sahihi yangu chini, niliyoitia bila kusoma mstari hata mmoja.