Naomba ushauri: matango yamezidi bustanini, na achari imetosha

Ndugu zangu, salaam. Nina matuta manne ya matango nyuma ya nyumba hapa Morogoro, na kwa wiki 3 sasa tunachuma karibu ndoo nzima kila baada ya siku 2. Majirani wamegawiwa, kachumbari haikosekani mezani, na mitungi ya achari imejaa kabatini.

Nafahamu kwamba tango, ambalo takriban asilimia 95 yake ni maji, huharibika likikaa siku nyingi kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 10, na kwamba likiwekwa karibu na ndizi mbivu hugeuka manjano upesi. Kwa hiyo nimeyahamishia kwenye kapu lenye kitambaa, kivulini, lakini baada ya siku 5 husinyaa. Je, kuna njia bora zaidi?

Naomba pia kujua kama kuna aliyegandisha juisi ya matango, yenye ndimu na tangawizi, bila kupoteza ladha. Yanayoniumiza zaidi ni yale makubwa yaliyokomaa mbegu, ambayo hakuna anayetaka kuyala mabichi: je, yanafaa kupikwa kwa nazi kama mung'unye, na mbegu zitolewe kwanza? Natanguliza shukrani.