"Sitaki nataka": mnaivukaje kwenye kipindi cha ridhaa?

Mwezeshaji_Moro: Wakuu, nina vijana 30 wa mwaka wa kwanza chuoni, wote miaka 18 na zaidi, dakika 90. Somo linakwama palepale: wavulana wanashikilia kwamba binti hatamki "ndiyo", ataonekana mhuni, hivyo "sitaki" yake ni "sitaki nataka". Na ukimtumia nauli akaja, ameshakubali.

DadaSomoe: Usianze na maana ya ridhaa, wataikariri tu. Andika kadi 12 za maneno yao: "ngoja kwanza", "nimechoka", "kesho nina testi", "poa tu", na moja tupu ya kimya. Wasichana wazipange peke yao, wavulana peke yao, dakika 15: ndiyo, hapana, haijulikani. Ukiwachanganya mapema, wasichana wananyamaza na zoezi limekufa. Zikishabandikwa ukutani uliza: mtu ukimkaribisha chakula akasema "asante, nimeshiba", unamlazimisha tonge mdomoni? Kukataa kwa adabu wanakuelewa vizuri sana. Wanachokosa ni kuheshimu kukataa huko wakiwa chumbani.

Mlezi wa Vijana: Nauli ichoree ngazi ubaoni: kukubali kuja, kuingia ndani, kubusiana, tendo, tendo kwa kondomu. Kila ngazi ina swali lake, na mtu anaweza kushuka akiwa popote. Aliyekubali kwa kondomu hajakubali bila kondomu. Anayeona ameliwa nauli anadai pesa, basi.

Wakili_K: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya 2006, kifungu cha 42, inakusaidia hata ukiwa Tanzania: ridhaa ni kukubali kwa hiari ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Waulize: saa sita usiku, binti hana nauli ya kurudi, uhuru uko wapi? Amelewa, uwezo uko wapi? Kwa hiyo nauli ya kurudi awe nayo mkononi tangu mwanzo.

Mwezeshaji_Moro: Asanteni. Na ile kadi ya kimya?

DadaSomoe: Iende kwenye hapana. Mtu akiogopa, mwili unaweza kuganda, sauti isitoke, asiyepigana hajakubali. Bakiza dakika 20 wafanye mazoezi wawili wawili, kwa sauti: "Tuendelee au tuishie hapa?" na "Leo hapana", bila kutaja sababu. Anayejibiwa hapana aseme "sawa" tu. Akianza "kwa nini?", warudie.