Mbwa amekula sumu: tupeane uzoefu, watu wa Goma

Mwana-Katindo: Bandugu, wiki mbili zilizopita Simba wangu alitafuna sumu ya panya nyuma ya stoo ya jirani. Nilimwona kwa macho yangu. Jirani akasema nimpe maziwa na mafuta ya mawese, nikampa. Asubuhi akala, akacheza na watoto, nikamshukuru Mungu. Siku ya nne fizi zikawa nyeupe, damu ikamtoka puani. Nikampakia kwenye piki mpaka kwa munganga wa wanyama. Kumbe sumu ile inazuia vitamini K kufanya kazi, na dalili zinakuja siku kadhaa baadaye, wakati damu haigandi tena. Maziwa hayaizuii hata kidogo. Sasa anapewa vitamini K1, ileile wanayochomwa watoto wachanga matenite, kwa wiki nne. Ningeenda siku ileile angetapishwa mapema, yote haya yasingetokea. Inaniuma sana. Ninyi ilikuwaje?

Mama wa Keshero: Pole sana, papa. Wetu alilamba dawa ya kunyunyizia nyanya. Hiyo haingoji siku nne! Mate yalitiririka, mwili ukatetemeka, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Munganga alimchoma atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, tena na tena. Baba watoto aliokota kichupa shambani tukaenda nacho, na munganga alipokisoma tu akajua la kufanya. Vaeni mifuko mikononi mkimshika, dawa hiyo hupenya ngozi.

Kijana Birere: Wangu alikunywa petroli ya taa. Nikamtapisha kwa maji ya chumvi. Petroli ikirudi huingia mapafuni, na chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa. Alikohoa usiku kucha, alfajiri akafa. Alikuwa na miaka miwili. Tafadhali msimtapishe kabla munganga hajasema, hasa kama ni petroli au soda ya kutengenezea sabuni, maana hiyo inaunguza koo mara ya pili.

Dada Himbi: Na makala ya jikoni, yaani mkaa, yakisagwa mbwa akapewa, yanasaidia?

Mwana-Katindo: Hapana, dada, niliuliza swali hilohilo. Ya munganga ni mkaa uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wa jikoni haunasi sumu vile. Kijana, pole sana kwa mbwa wako. Simba jana alibweka getini mara ya kwanza. Vidonge vikiisha, siku mbili baadaye damu itapimwa tena. Nitawaletea habari.