Wakuu naombeni msaada, mche huu ni mwarobaini au kitu kingine?

Mwana Kondoa: Wakuu habari zenu. Nina mche nimeuotesha mwenyewe kwa mbegu, umefika magotini na hapa nyumbani kila mtu anauita jina lake. Majani madogo madogo, pembeni yana meno kama msumeno, ukiyasugua yananuka uchungu. Mimi nasema mwarobaini. Anayejua kweli anithibitishie maana nataka kuuhamishia uani kabla mvua hazijakata.

Bibi Shamba: Hongera. Mbegu uliitoa wapi? Mwarobaini mbegu yake haikai, ikilala ndani miezi kadhaa imekufa hiyo.

Mgosi wa Milimani: Uani usithubutu. Wa kwetu mizizi iliinua sakafu ya choo mpaka mlango ukawa haufungi, fundi kaja kavunja kajenga upya, hela yote ya mahindi ikaishia chooni.

Mwana Kondoa: Bibi Shamba mbegu ilikuwepo tu nyumbani.

Bibi Shamba: "Ilikuwepo tu" ndiyo nini mwanangu? Ukificha tutakusaidiaje. Na kokwa moja lilitoa mche mmoja au zaidi?

Mwana Kondoa: Haya nasema. Ni punje ya tasbihi ya bibi yangu marehemu, alirudi nayo Maka. Uzi ulikatika, nikaona kumbe ni kokwa za mti, nikafukia chache kwenye kiriba. Kokwa moja likatoa miche mitatu imebanana, nikabakiza wenye afya. Na miarobaini huko ipo, Arafa imepandwa kwa maelfu mahujaji wapate kivuli, sasa kwa nini isiwe mwarobaini? Halafu shangazi ana sukari na ameshaanza kuchemsha majani, hilo tulishakubaliana kama familia.

Kijiti Kikavu: Chai hii. Punje imetobolewa, imeshikwashikwa miaka yote hiyo, leo iote? Weka picha ya tasbihi.

Ustadhi Mpole: Mie hata mche siuulizii. Tasbihi ya marehemu ni mali ya warithi, uliwauliza wenzio kabla ya kufukia?

Bwana Vitalu: Kijiti usiharakishe, inawezekana kabisa. Kuna mti unaitwa melia, Melia azedarach, ukoo mmoja na mwarobaini. Kokwa lake lina tundu la asili katikati, ndiyo maana watu wanatungia tasbihi na rozari bila kutoboa, uzi unapita pale na mbegu zinabaki salama kwenye vyumba vya pembeni. Vyumba vyenyewe ni kama vitano, ndiyo hiyo miche mitatu. Mwarobaini kwa kawaida kokwa lina mbegu moja. Mleta uzi, chuma jani zima la juu, kuanzia linapotokea kwenye shina, ya chini yanadanganya. Mwarobaini una kikonyo kimoja, vijani kulia na kushoto, basi. Melia kikonyo kinatoa vitawi, na vijani viko kwenye hivyo vitawi. Na hili usilipuuze, melia ni sumu, matunda yake yameshaua watu na nguruwe. Shangazi aache leo.

Mwana Kondoa: Lakini mkuu uchungu ni uleule, na shangazi amekunywa anasema mwili umekuwa mwepesi.

Bwana Vitalu: Uchungu wanao wote wawili. Chuma jani.

Bibi Shamba: Mpeleke kliniki na asiache vidonge vyake. Kaka yangu aliacha vyake akafuata mizizi ya mtu, mguu ukaoza tukamzungusha hospitali hii na hii, mwisho wakaukata. Mpaka leo nikiona mtu na chupa ya majani moyo unanipasuka.

Kijiti Kikavu: Mtamshauri mpaka kesho, tasbihi haipo.

Mwana Kondoa: Nimechuma. Kikonyo kina vitawi, kila kitawi na vijani vyake, kama alivyosema Bwana Vitalu. Sufuria nimelimwaga, shangazi amenuna anasema nimemwaga baraka ya mama yake kwa maneno ya watu wa kwenye simu. Kliniki tunaenda Jumatatu. Mche siung'oi, ni wa bibi, ila utaenda shambani mbali na watoto.

Ustadhi Mpole: Punje zilizobaki zitungie uzi mpya umpe shangazi, ataacha kununa.

Bwana Vitalu: Na mkitaka mwarobaini wa kweli, okota matunda yakishakuwa njano, menya, osha, panda wiki hiyohiyo.