Mrejesho: ile trekta Massey 35 ya babu imewaka

Wadau nimerudi, mimi yule wa Njoro niliyeuliza mbona Massey Ferguson 35 ya dizeli ya marehemu babu inawaka dakika mbili halafu inazima. Pampu ya dizeli haikuwa na shida, na fundi mmoja alikuwa ashanisukuma ninunue mpya! Nimeshusha tangi kukatoka kutu na matope kama uji wa wimbi, kachujio kameziba kabisa. Nikaosha, nikabadilisha filta na washa (vile vipete) za shaba, halafu kutoa hewa iliyoingia kwa njia ya dizeli: unalegeza nati ya filta unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe ndio unakaza, kisha unafanya hivyo kwa nati za injekta huku mtu anapiga stata. Jana imelima nusu eka bila kukohoa. Bado inadondosha kidogo pale kwa koki ya tangi, nimeweka mkebe wa Kimbo chini.